Mwongozo Kamili wa Kufuma Sweta la Mtoto Mchanga kwa Sindano Mbili, na Namna ya Kuiokoa Kazi Inapoharibika

Sweta linaloelezwa hapa ni la mtoto wa miezi mitatu hadi sita. Linafumwa kwa kipande kimoja ambacho kikikunjwa mabegani huwa na umbo la herufi T, kisha hushonwa ubavuni, na linatumia aina moja tu ya kitanzi tangu mwanzo hadi mwisho. Nimewaelekeza watu wengi kwa mdomo, na karibu wote wamekwama mahali palepale: sweta limetoka na upana wa kumtosha mtoto wa miaka miwili, au vitanzi 50 vimegeuka 57 bila mtu kujua vilikotoka, au mwili umekamilika lakini mikono ikaahirishwa hadi mtoto akaanza kutembea. Hakuna kati yao aliyeshindwa kwa sababu ya mikono mizito. Walishindwa kwa kutopima na kutohesabu, na ndiyo maana mambo hayo mawili yamepewa nafasi kubwa hapa kuliko ufumaji wenyewe.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Uzi wa sweta wa unene wa kati, gramu 150. Huenda gramu 50 zikabaki, lakini ni heri zibaki kuliko zipungue.
- Sindano za kufumia za milimita 4, jozi moja, na ikiwezekana jozi nyingine ya milimita 4.5 au 3.75.
- Kroshia moja ya milimita 3 au 3.5, kwa ajili ya kuokoa vitanzi vilivyodondoka.
- Sindano ya mkono yenye tundu kubwa na ncha butu.
- Futikamba ya fundi cherehani, mkasi, na daftari dogo lenye kalamu.
- Uzi mwembamba wa pamba wa rangi tofauti kabisa na ya sweta, kama mita tano.
- Vifungo vinne vyenye upana wa sentimita moja hivi.

Kuhusu uzi, chagua wa akriliki ambao ni laini na usio na manyoya marefu. Sufu halisi hupendeza na hutia joto zaidi, lakini hunywea ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa, na nguo ya mtoto mchanga hufuliwa karibu kila siku, mara nyingi na mtu ambaye siye aliyeifuma. Uzi wenye manyoya marefu uachwe kabisa, kwa kuwa mtoto wa umri huu hutia kila kitu mdomoni.

Nunua uzi wote siku moja, na kabla ya kulipa angalia karatasi iliyozungushiwa kila bunda. Mbali na namba ya rangi, kuna namba nyingine ya mkupuo wa kutia rangi, ambayo mara nyingi huandikwa «Lot». Mabunda mawili yenye namba moja ya rangi lakini mikupuo tofauti yanaweza kufanana chini ya taa ya dukani, kisha yakatofautiana wazi juani sweta likiwa limekwisha.

Wapo wanaofumua masweta ya mtumba ili kupata uzi, na ni njia nzuri ya kubana matumizi. Ligeuze kwanza sweta nje ndani uangalie maungio yake. Kama pembeni pamekatwa na kupigwa ovaloki, liache, kwa sababu kila safu imekwisha kukatwa na utapata vipande vifupi vifupi. Sweta linalofumuka vizuri ni lile ambalo vipande vyake vilifumwa kwa umbo lake na kuunganishwa kwa uzi.

## Tahadhari juu ya namba za sindano

Jambo hili limeharibu masweta mengi, tena ya watu makini. Namba iliyochongwa kichwani mwa sindano haina maana moja duniani kote. Katika utaratibu wa zamani wa Kiingereza, ambao bado unakutwa kwenye sindano nyingi za akina mama na bibi zetu, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba: namba 8 ni milimita 4, na namba 10 ni milimita 3.25. Katika utaratibu wa Marekani mambo ni kinyume, na namba 8 ya huko ni milimita 5. Mtu akifuata maelekezo ya video ya Mmarekani kwa sindano za bibi yake, atafuma kwa sindano nyembamba kwa milimita nzima kuliko inavyotakiwa, na sweta litatoka dogo na gumu kama zulia.

Soma milimita tu. Kama sindano haina alama, zungusha uzi wa kushonea mara kumi kwenye mwili wake, mizunguko ikigusana bila kubanana, kisha ufumue na upime urefu wa uzi huo. Sindano ya milimita 4 itatumia sentimita 12.5 hadi 13. Spoki za baiskeli, ambazo wengi wetu tulijifunzia, zina unene wa milimita 2 hivi. Zinafaa kwa kujifunza namna ya kushika sindano, lakini haziwezi kukutolea sweta hili.

## Hatua ya 1: Kipande cha majaribio

Anzisha vitanzi 28 na ufume safu 56 (namna ya kuanzisha imeelezwa katika Hatua ya 2, na ya kufuma katika Hatua ya 3). Kifue, kikauke kikiwa kimelazwa, kisha kilaze mezani na kupima sentimita 10 katikati yake, mbali na kingo. Ndani ya sentimita hizo 10 kwa upana unatakiwa kuhesabu vitanzi 20, na kwa urefu matuta 20. Tuta ni ule mstari ulionyanyuka unaoonekana ukifuma aina ile ile ya kitanzi kila safu. Hukaa mfululizo kama matuta ya viazi, na kila tuta moja ni safu mbili.

Kipande kinakuwa kikubwa kuliko sentimita 10 kwa sababu kingo huvutika, na anayepima hadi ukingoni hupata jibu la uongo. Kinafuliwa kwanza kwa sababu uzi uliotoka kuvutwa kwenye sindano hulegea ukiingia majini.

Hesabu yenyewe inaeleza kwa nini hatua hii hairukwi. Mgongo wa sweta hili una vitanzi 50, yaani sentimita 25 kwa mfumaji wa vitanzi 20, na mzunguko mzima wa kifua ni sentimita 50. Mkono wako ukiwa wa kubana na ukapata vitanzi 24, mzunguko utakuwa chini kidogo ya sentimita 42. Kifua cha mtoto wa umri huu kina karibu sentimita 43, kwa hiyo sweta halitafunga. Ukiwa wa kulegeza na ukapata vitanzi 16, mzunguko utakuwa zaidi ya sentimita 62.

Tarakimu hiyo ya mwisho naifahamu vizuri. Sweta langu la kwanza nilimfumia mtoto wa dada yangu wakati wa baridi kule Njombe, nikaona kipande cha majaribio ni kupoteza jioni mbili. Lilipokamilika, lilimkaa kaka yake wa miaka mitatu, tena likiwa fupi kiasi cha kuacha kitovu nje. Mtoto aliyekusudiwa alizungushiwa shali.

Ukipata zaidi ya vitanzi 20, badili utumie sindano nene kidogo. Ukipata pungufu, tumia nyembamba. Usijaribu kubadili mkono wako kwa kukaza au kulegeza kwa makusudi, kwani utasahau baada ya safu kumi na mkono utarudia kawaida yake. Kama vitanzi vimekubali lakini matuta yamepishana kidogo, endelea, ila kila mahali nilipotaja idadi ya matuta wewe pima sentimita zilizoandikwa kando yake, na pasipoandikwa hesabu nusu sentimita kwa kila tuta.

Dalili ya kufanikiwa: kipande ni laini, kinavutika na kurudi, na ukikiinua dhidi ya dirisha huoni mwanga mwingi ukipenya.

## Hatua ya 2: Kuanzisha vitanzi 50

Tumia njia ya kufuma vitanzi kutoka vitanzi, kwa kuwa utaihitaji tena kwenye mikono na shingo. Funga fundo la kuteleza na ulivishe sindano ya kushoto. Ingiza sindano ya kulia ndani yake, zungusha uzi kwenye ncha, vuta kitanzi kipya, na badala ya kukiacha sindano ya kulia, kivishe sindano ya kushoto. Sasa una viwili. Endelea hadi 50.

Wanaoanza hukaza mno hapa, kisha pindo la chini linabana kama mdomo wa gunia. Dawa yake ni kuanzishia vitanzi kwenye sindano nene, kama ile ya milimita 4.5 au hata 5, kisha kuhamia kwenye 4 safu ya kwanza.

## Hatua ya 3: Mgongo hadi kwapani

Fuma safu 56, yaani matuta 28 au sentimita 14. Kitanzi ni kile kile kila safu: ingiza ncha ya sindano ya kulia ndani ya kitanzi cha kwanza cha kushoto, ukitoka mbele kwenda nyuma, zungusha uzi kwenye ncha hiyo, uvute upite ndani ya kitanzi, kisha kiachie kitanzi cha zamani kidondoke. Uzi ubaki nyuma ya kazi wakati wote.

Safu hizi 56 hazina ugumu wowote, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa sababu mtu hufuma huku akiongea na makosa matatu huingia bila kubisha hodi.

Kosa la kwanza hutokea mwanzoni mwa safu. Ukigeuza kazi, uzi hutoka kwenye kitanzi cha kwanza kabisa. Ukiuvuta kwenda nyuma kwa kuupitisha juu ya sindano, unakiinua kitanzi cha safu iliyopita, na miguu yake miwili hukaa juu ya sindano kama vitanzi viwili. Mfumaji huvifuma vyote viwili kwa uaminifu, na safu imeongezeka kitanzi. Akirudia mara saba, ndizo hizo 57. Kila unapogeuza, vuta uzi kuelekea chini kwanza, hakikisha mwanzoni kuna kitanzi kimoja tu, ndipo uupeleke nyuma ukipita chini ya sindano.

Kosa la pili ni uzi kuzunguka sindano mara moja zaidi katikati ya safu, hasa unapouweka chini kumpokea mtu simu. Hili huongeza kitanzi na pia huacha tundu, kwa hiyo ni rahisi kuligundua.

La tatu ni kuanza tena ukielekea kusiko. Umeacha kazi katikati ya safu, mtoto amelia, umerudi baada ya saa nzima na hujui ulikuwa unaelekea wapi. Angalia uzi unaotoka kwenye bunda: sindano ambayo uzi huo umening'inia ndiyo ishikwe kwa mkono wa kulia. Ukiishika kushoto utageuka nyuma, na upande mmoja wa sweta utakuwa mrefu kuliko mwingine. Bora zaidi, usiache kazi katikati ya safu ila kwa dharura.

Hesabu vitanzi kila baada ya matuta manne na uandike daftarini tarehe, idadi ya matuta na idadi ya vitanzi. Kazi hii inachukua dakika moja. Ukigundua kitanzi cha ziada baada ya matuta manne, unafumua safu nane tu. Ukikigundua kwenye kwapa unafumua wiki nzima.

Ukifika tuta la 28, usiende mbele kabla hujaweka uzi wa usalama. Tunga ule uzi mwembamba wa rangi tofauti kwenye sindano ya mkono na uupitishe ndani ya vitanzi vyote 50 vikiwa bado kwenye sindano ya kufumia, kisha uache mkia mrefu kila upande. Kazi ikiharibika huko mbele, utachomoa sindano na kufumua bila hofu, kwa maana vitanzi vitasimama kwenye uzi huo.

## Hatua ya 4: Kuongeza mikono

Mwanzoni mwa safu inayofuata, anzisha vitanzi vipya 24 kwenye sindano ya kushoto kwa njia ya Hatua ya 2, kisha fuma safu nzima. Geuza, anzisha 24 vingine, fuma safu nzima. Sasa una vitanzi 98. Endelea hadi mikono iwe na safu 44, yaani matuta 22 au sentimita 11, ukihesabu tangu ulipoongeza.

Sindano itajaa na vitanzi vitabanana. Kama una sindano fupi, vingirisha mpira wa kufungia karibu na ncha kila unapopumzika, maana vitanzi vya pembeni hupenda kuteleza. Safu moja sasa itachukua karibu mara mbili ya muda wa mwanzo, na wengi hapa huona kana kwamba kazi haisogei. Daftari husaidia: matuta mawili kila jioni, na mkono umekwisha kwa siku kumi na moja.

## Hatua ya 5: Kufunga vitanzi vya shingo

Hapa ndipo panapohitaji utulivu, basi chagua saa ambayo hakuna atakayekuita.

Fuma vitanzi 39. Kisha funga vitanzi 20: fuma viwili, tumia ncha ya sindano ya kushoto kukichukua kile cha nyuma na kukirusha juu ya cha mbele, kidondoke, fuma kingine kimoja, rusha tena, na kuendelea. Hesabu virushwavyo, siyo vifumwavyo. Ukimaliza kurusha 20, sindano ya kulia itakuwa na kitanzi kimoja peke yake baada ya pengo la shingo, na sindano ya kushoto itakuwa na 38. Kitanzi hicho kimoja ni sehemu ya 39 za upande wa pili. Wengi hukisahau, huona 38 na kudhani wamekosea, wakafumua kazi iliyokuwa sahihi. Fuma 38 hizo hadi mwisho.

Vitanzi 39 vya upande wa kwanza vihamishie kwenye uzi wa pamba vikusubiri.

Dalili ya kufanikiwa: vitanzi 39 kila upande, na katikati ukingo wenye upana wa sentimita 10 usiobana. Ukibana, ufumue na kufunga kwa sindano nene.

## Hatua ya 6: Upande wa mbele, wa kwanza kufumwa

Uzi wako sasa uko mwisho wa mkono. Safu ile ya kufungia shingo ihesabu kuwa ya kwanza, na uendelee hadi utimize safu 16, yaani matuta 8. Safu ya 17 itaanzia shingoni. Mwanzoni mwake anzisha vitanzi 13. Kumi ni vya nusu ya shingo, na vitatu ni vya kupandiana mahali pa vifungo. Sasa una 52.

Fuma hadi utimize safu 45 tangu shingo. Safu ya 46 itaanzia mwisho wa mkono: funga vitanzi 24 na ufume vinavyobaki. Hesabu tena, unatakiwa uwe na 28. Fuma matuta 28 na ufunge vyote.

Kabla ya kukata uzi, kunja kazi mabegani na ulinganishe mbele na nyuma. Pindo zikipishana kwa tuta moja, vuta kidogo na zitakubali. Zikipishana kwa matatu au zaidi, rudi ukahesabu, kwa sababu futikamba haitakudanganya kama macho yatakavyokudanganya saa nne za usiku.

## Hatua ya 7: Upande wa pili, wenye matundu ya vifungo

Rudisha vitanzi 39 vilivyokuwa vikisubiri kwenye sindano. Unganisha uzi mpya shingoni na ufume kuelekea mwisho wa mkono; hii ihesabu kuwa safu ya pili. Endelea hadi safu ya 17. Safu ya 18 itaanzia shingoni: anzisha vitanzi 13 na uendelee. Ni safu moja zaidi ya upande mwingine, nayo haionekani kabisa sweta likivaliwa.

Tundu la kifungo hufumwa kwenye safu inayoanzia ukingo wa mbele: fuma vitanzi viwili, zungusha uzi mara moja juu ya sindano ya kulia, fuma viwili vinavyofuata kwa pamoja kama kimoja, kisha endelea kama kawaida. Uzi uliozungushwa unaongeza kitanzi, vile viwili vilivyounganishwa vinapunguza kimoja, na idadi inabaki ile ile. Weka matundu kwenye tuta la 2, la 12, la 22 na la 32 ukihesabu tangu ulipoongeza vitanzi vya shingo. Baadhi ya watu wataulizana iwapo matundu haya yako upande wa kiume au wa kike, lakini mtoto wa miezi minne hana habari na jambo hilo.

Ukitimiza safu 44, funga vitanzi 24 mwanzoni mwa safu ya 45, bakiza 28, fuma matuta 28 na ufunge.

## Hatua ya 8: Kubana mwisho wa mikono

Mkono kama ulivyo una mzunguko wa sentimita 22, na baridi itaingia hadi kwapani. Kazi ikiwa bado bapa, bila kushonwa, okota vitanzi kwenye ukingo wa mwisho wa mkono: ingiza sindano ukingoni, zungusha uzi, uvute. Okota kitanzi kimoja kwa kila tuta, upate 44. Safu inayofuata fuma viwili, unganisha viwili, rudia hadi mwisho, vitabaki 33. Fuma matuta sita na ufunge kwa kulegeza. Rudia mkono wa pili siku hiyo hiyo, hata kama umechoka, kwa sababu kaza ya mkono hubadilika siku hadi siku na mikono miwili itapishana.

## Kazi ikiharibika katikati

Kitanzi kimedondoka. Kwanza, usivute kazi. Chomeka pini kwenye kitanzi kilichodondoka ili kisiendelee kushuka, kisha fuma hadi ufike usawa wake. Utaona nyuzi zimelala juu yake kama ngazi, kila uzi mmoja ni safu moja iliyofumuka. Ingiza kroshia ndani ya kitanzi kutoka mbele, nasa uzi wa chini kabisa wa ngazi, uvute upite ndani ya kitanzi. Kisha geuza kazi upande wa pili na unase uzi unaofuata kwa njia hiyo hiyo, geuza tena, na kuendelea hadi juu. Kugeuza huku ndiko kunakorudisha matuta. Ukipandisha nyuzi zote kutoka upande mmoja utapata mstari laini katikati ya matuta, kama kovu. Angalia majirani baada ya uzi wa kwanza: kama wao wana tuta na wewe una laini, uachie na kuanzia upande wa pili.

Vitanzi vimeongezeka au kupungua. Kama ni kimoja tu, na tundu halionekani, unganisha viwili kwapani ambapo mshono utaficha, ukaendelee na maisha yako. Kama ni vitatu au zaidi, fumua. Nasema hivi nikijua uchungu wake, lakini sweta linalopanuka kadiri linavyopanda halitarekebishika kwa mshono wala kwa maji.

Inabidi kufumua safu nyingi. Chomoa sindano kabisa na kuvuta uzi polepole hadi ufikie uzi wa usalama. Rudisha vitanzi kwenye sindano, ukihakikisha mguu wa kulia wa kila kitanzi uko mbele ya sindano. Kitanzi kilichogeuka ukikifuma kitajikaza na kuonekana kama kimesokotwa. Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke katika maji ya uvuguvugu na kuuning'iniza hadi ukauke, la sivyo vitanzi vipya havitalingana na vya zamani.

## Hatua ya 9: Kushona, kufua na kukausha

Kunja sweta mabegani. Shona chini ya mkono na ubavu kwa mshono mmoja unaoendelea, kuanzia mwisho wa mkono hadi pindo la chini, ukilinganisha tuta na tuta. Tumia uzi ule ule na usiukaze, kwa kuwa mshono lazima uvutike pamoja na kitambaa. Mikia ya nyuzi ifiche kwa kuipitisha ndani ya matuta kwa urefu wa sentimita tano, kwenda na kurudi, kabla ya kuikata.

Vifungo vishonwe kwa uzi imara wa kushonea, siyo uzi wa sweta, na kila kimoja kipitiwe mara sita au zaidi, kisha ukivute kwa nguvu zako zote. Kifungo kinachong'oka mkononi mwako kingeng'oka kinywani mwa mtoto. Kwa sababu kama hiyo usiweke kamba wala utepe wa kufunga shingoni, hata ukiombwa na bibi yake.

Fua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kamua kwa kulibana ndani ya taulo, na ulikaushe likiwa limelazwa. Sweta bichi lililoanikwa kwenye kamba hurefuka kwa uzito wa maji. Pasi isiguse akriliki kabisa: joto huulegeza uzi moja kwa moja, na kile kitambaa kilichokuwa kikivutika na kurudi hubaki kimelala kama leso iliyochakaa, bila njia ya kukirudisha.

Uzi uliobaki usiutupe. Kata mita kumi hivi, uzifunge pamoja na karatasi yenye namba ya rangi na ya mkupuo, na kumkabidhi mama wa mtoto pamoja na sweta. Kiwiko kikichakaa au mshono wa kwapa ukiachia baada ya kufuliwa mara nyingi, atakuwa na uzi wa rangi ile ile wa kurekebishia.